Mguso wa vali: Jinsi mpiga gitaa anavyoweza kuupata katika mashine ya kidijitali

WAPIGAJI wa gitaa la umeme kote duniani wamekuwa wakijiuliza swali moja kwa takriban miaka 30 sasa: Je, ipo mashine ya kidijitali inayoweza kuchukua nafasi ya amplifaya ya vali bila mkono wa mpigaji kuhisi tofauti?

Swali hilo si la anasa. Amplifaya ya vali ni nzito, hugharimu pesa kuitunza, na aghalabu huhitaji kupandishwa sauti mno ndipo itoe uhondo wake. Fauka ya hayo, vali zenyewe siku hizi hutengenezwa na viwanda vichache, hasa vya China, Slovakia na Urusi. Mnamo 2022, Urusi ilipotangaza kuzuia mamia ya bidhaa zake kuuzwa nje kufuatia vita vya Ukraine, wanamuziki wa nchi za Magharibi walikimbilia madukani kununua vali za akiba na bei zikapanda.

Mashine ya kidijitali inayoiga amplifaya, yaani kiigizi, hutoshea katika mkoba. Ndani yake mna amplifaya kadhaa, kuanzia zile za miaka ya 1950 hadi za leo. Anayerekodi usiku wa manane hahitaji kuwaamsha majirani.

Hata hivyo, wengi walionunua viigizi wameishia kuviuza. Malalamiko yao hufanana. Husema sauti ikirekodiwa haina kasoro, ila vidole havikubali. Noti hazifuri, nyuzi huhisi ngumu, na gitaa huwa kama limewekewa kioo kati yake na spika. Wapo waliozunguka kwa miaka mingi wakinunua hiki na kuuza kile, na kila mara hasara imekuwa yao.

Ukweli ni kwamba kinachoitwa mguso wa vali si uchawi. Ni mkusanyiko wa mambo machache yanayoeleweka kisayansi. Anayeyafahamu huweza kuchagua mashine ifaayo, na mara nyingi hugundua kuwa kasoro haikuwa katika mashine bali katika spika na jinsi alivyoiunganisha.

Vali ni nini?

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna kipande cha metali kinachopashwa moto hadi elektroni zikaanza kuchomoka na kuruka kuelekea kwenye bamba lenye umeme wa volteji ya juu. Kati ya viwili hivyo pana wavu mwembamba.

Umeme hafifu utokao kwenye gitaa huingizwa katika wavu huo. Mabadiliko yake madogo husababisha mabadiliko makubwa ya mkondo unaofika kwenye bamba. Hapo ndipo sauti hukuzwa.

Mwingereza John Ambrose Fleming ndiye aliyeunda vali ya kwanza ya sehemu mbili mnamo 1904. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Lee de Forest aliongeza sehemu ya tatu. Redio, simu za masafa marefu na hata tarakilishi za kwanza zilitegemea vali hizo.

Mambo yalianza kubadilika Desemba 1947 wakati watafiti wa maabara ya Bell nchini Marekani walipounda transista. Kifaa hicho ni kidogo, hakihitaji kupashwa moto na hutumia umeme kidogo. Watengenezaji wa redio na runinga waliziacha vali mmoja baada ya mwingine.

Wapiga gitaa walikataa. Walikuwa wamezoea amplifaya kama vile Bassman ya kampuni ya Fender ya California, na Vox AC30 ya Uingereza. Jijini London, Jim Marshall na mafundi wake waliifuata ramani ya umeme ya Bassman mnamo 1962, wakaibuka na amplifaya ambayo baadaye ilikuwa msingi wa sauti ya muziki wa roki.

Kila mojawapo ilikuwa na tabia yake. Vali za mwisho, yaani zile zinazoisukuma spika, zilitofautiana: Fender wengi walitumia aina ya 6L6, Marshall wakaja kujulikana kwa EL34, nao Vox kwa EL84. Mpigaji mzoefu huzitambua kwa sikio, na zaidi kwa kidole.

Mambo manne yanayoleta mguso

La kwanza ni namna sauti inavyovunjika. Amplifaya ya transista iliyoelemewa hukata ncha za mawimbi ya sauti ghafla, kama panga likatavyo muwa. Ya vali, kwa kawaida, huanza kuzibana ncha hizo polepole kabla ya kuzikata. Kwa hivyo, kati ya sauti safi na sauti yenye mkwaruzo kuna uwanja mpana ambamo nguvu ya mkono pekee huamua kitakachosikika. Akipapasa, noti huwa safi. Akigonga, noti hukoroma.

La pili ni kulegea kwa umeme. Mpigaji anapocharaza nyuzi zote kwa nguvu, vali za mwisho huvuta mkondo mwingi kwa ghafla. Sehemu inayozilisha umeme, hasa katika amplifaya za kale, hushindwa kukidhi mahitaji hayo kwa muda mfupi. Volteji hushuka, sauti hubanwa kidogo, kisha hufura tena volteji inaporejea.

Huko kufura ndiko wapigaji wengi hukuelezea kama pumzi ya amplifaya. Nyuzi huhisi laini, japo hakuna aliyezilegeza.

La tatu ni mazungumzo kati ya amplifaya na spika. Spika si mzigo usiobadilika. Ukinzani wake hupanda katika noti za chini, karibu na mahali ambapo koni yake hupenda kutetemeka, na hupanda tena katika sauti za juu. Amplifaya nyingi za transista huidhibiti spika barabara bila kujali mabadiliko hayo. Ya vali huiacha spika iwe na usemi. Matokeo ni besi inayofura na sauti za juu zinazong'aa kulingana na spika iliyounganishwa.

La nne ni hewa. Spika ya inchi 12 iliyo nyuma ya mpigaji husukuma hewa inayogonga mgongo wake na mwili wa gitaa. Sauti ikiwa kubwa, nyuzi zenyewe hutetemeshwa tena na sauti hiyo na noti hudumu zaidi. Mpigaji hupata mguso huo kwa masikio na kwa mwili wote.

Ni muhimu kutambua kuwa ni mambo mawili ya kwanza tu yaliyo ndani ya sakiti za amplifaya kikamilifu. La tatu liko nusu kwenye amplifaya na nusu kwenye spika, na la nne liko chumbani. Mashine ya kidijitali, hata iwe hodari vipi, haiwezi kusukuma hewa bila spika.

Safari ya kuiga

Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa miongoni mwa waasisi ilipotoa mashine ya VG-8 mnamo 1995. Miaka mitatu baadaye, Line 6 ya Marekani ilitoa kidude chekundu chenye umbo la figo kilichoitwa POD. Kilipata umaarufu mkubwa kwa sababu kilimwezesha mtu kurekodi gitaa nyumbani bila amplifaya wala maikrofoni.

Viigizi vya wakati huo viliiga rangi ya sauti vizuri kwa kiasi fulani, ila vilikuwa na uhaba wa nguvu za kufanya hesabu. Kulegea kwa umeme na mazungumzo ya spika viliwakilishwa kijuujuu, au vikaachwa kabisa. Sifa mbaya ya mashine za kidijitali miongoni mwa wapiga gitaa ilitokana kwa kiasi kikubwa na enzi hizo.

Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Fractal Audio ya Marekani ilileta Axe-Fx, iliyokusudiwa kuiga mwenendo wa sehemu za ndani za amplifaya. Mnamo 2011, Mjerumani Christoph Kemper alionyesha hadharani mashine iliyofuata njia tofauti kabisa: ilisikiliza amplifaya halisi na kunakili tabia yake. Line 6 ikatoa Helix mnamo 2015.

Desemba 2013, kundi la Metallica lilitumbuiza katika bara la Antaktika. Kwa sababu za kulinda mazingira, sauti haikupaazwa kwa spika kubwa. Mashabiki wachache waliohudhuria walisikiliza kwa hedifoni. Kundi hilo, lililojijengea jina kwa minara ya amplifaya, lilitumia viigizi vya Fractal, na likaendelea kuvitumia katika ziara zake.

Fender wenyewe walijiunga na msafara huo mnamo 2019. Toleo lao la kidijitali la Twin Reverb lina uzito wa takriban kilo 15, ilhali toleo la vali lina takriban kilo 29. La kutia fikira ni kuwa walilipa toleo hilo la kidijitali nguvu za wati 200 ili liweze kufikia mshindo wa wati 85 za vali. Watengenezaji walijua kwamba mguso unahitaji akiba ya nguvu kwenye spika, si hesabu pekee.

Katika miaka iliyofuata, teknolojia ya akili bandia iliingia uwanjani. Mnamo 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi mitandao ya neva bandia inavyoweza kufunzwa kuiga amplifaya ya vali. Neural DSP, kampuni yenye makao yake jijini Helsinki, ilizindua mashine yake ya Quad Cortex mnamo 2020. IK Multimedia ya Italia ilifuata na ToneX mnamo 2022. Leo kuna hata programu huria, Neural Amp Modeler, ambayo mwenye tarakilishi huweza kuipakua bila malipo.

Njia mbili za kuiga

Mnunuzi anapaswa kufahamu kwamba viigizi vyote hivyo hufuata mojawapo ya njia mbili, au huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kuiga sakiti. Waundaji hutazama ramani ya amplifaya, hupima vali, transfoma na vipuri vingine, kisha huandika hesabu zinazofuata mwenendo wa kila sehemu. Faida yake ni kwamba vitufe hufanya kazi kama vya amplifaya yenyewe. Aidha, mpigaji huweza kuongeza au kupunguza kiwango cha kulegea kwa umeme, jambo lisilowezekana kwa urahisi kwenye amplifaya halisi.

Njia ya pili ni kunakili. Mashine hupeleka sauti maalumu katika amplifaya, husikiliza kinachotoka upande wa pili, kisha hujifunza kuzalisha matokeo yayo hayo. Faida yake ni uaminifu. Nakala nzuri huwa vigumu kuitofautisha na amplifaya iliyonakiliwa.

Kasoro ya nakala ni kwamba mara nyingi huwa kama picha. Huonyesha amplifaya ilivyokuwa vitufe vyake vikiwa mahali fulani. Mpigaji akizungusha kitufe cha besi kwenye mashine, huenda asipate kile ambacho amplifaya yenyewe ingefanya. Anayependa kubadilisha sauti kila mara atafaidika zaidi na njia ya kwanza. Mwenye sauti moja anayoipenda atatosheka na ya pili.

Kuchelewa kwa sauti

Lawama nyingine inayotolewa dhidi ya viigizi ni kuchelewa. Mashine hugeuza umeme kuwa tarakimu, hufanya hesabu, kisha huzigeuza tarakimu kuwa umeme tena. Yote hayo huchukua muda.

Muda huo unapaswa kulinganishwa na mwendo wa sauti yenyewe. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Mpigaji aliyesimama mita tatu kutoka kwa amplifaya yake husikia noti baada ya milisekunde tisa hivi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Viigizi vilivyoundwa vyema huchelewa kwa milisekunde chache tu. Mpigaji aliyevaa hedifoni huenda akaipata noti mapema kuliko aliyesimama mbali na amplifaya ya vali.

Shida huzuka panapotumika tarakilishi. Hapo sauti hukusanywa kwa mafungu kabla ya kushughulikiwa. Kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la sampuli 128 huchukua chini ya milisekunde tatu. Fungu la sampuli 1,024 huchukua zaidi ya 21, na huo ni upande wa kuingia tu. Mkono huhisi uzito papo hapo. Dawa ni kupunguza ukubwa wa mafungu katika mipangilio ya programu.

Kadhalika, kusikiliza kwa hedifoni au spika za Bluetooth za kawaida ni kujitafutia balaa. Ucheleweshaji wake aghalabu hupita milisekunde 100, na hakuna kiigizi kitakachosikika vyema kupitia njia hiyo.

Noti za mizimu

Kuna dosari nyingine ambayo wachache huijua kwa jina, lakini wengi huihisi. Mashine inayopokea sampuli 48,000 kwa sekunde haiwezi kuwakilisha mitetemo inayozidi 24,000 kwa sekunde. Sauti inapokwaruzwa, mitetemo ya juu kupita kiwango hicho huzaliwa ndani ya hesabu. Kwa kukosa pa kwenda, hurudi chini na kujitokeza kama noti zisizohusiana na wimbo.

Mashine nzuri huepuka hilo kwa kufanya hesabu zake mara nyingi zaidi kwa kila sekunde, kisha kuichuja ile mitetemo ya ziada. Mashine duni huacha ukungu wa sauti usio na mpangilio, na sikio huchoka bila kujua sababu.

Njia ya kuipima ni rahisi. Mpigaji hutia mkwaruzo mwingi, kisha huvuta uzi mwembamba kwenye noti za juu. Iwapo noti inapanda lakini pana mlio mwingine mdogo unaoshuka, mashine hiyo ina mizimu.

Kosa kubwa liko kwenye spika

Hata hivyo, sababu kuu inayowafanya wengi wakose mguso wa vali haimo ndani ya kiigizi. Wanalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kwa kawaida, kiigizi kikitoka kiwandani huwa kimepangwa kutoa sauti ya amplifaya iliyowekewa maikrofoni mbele ya spika, kama isikikavyo kwenye santuri. Mpigaji aliyezoea amplifaya chumbani hajawahi kuisikia sauti yake hivyo. Sikio lake halijawahi kukaa sentimita tano kutoka kwa koni ya spika. Ni sawa na kumlinganisha mtu aliyesimama mbele yako na picha yake, kisha kuilaumu picha kwa kukosa joto.

Tiba zake ni mbili. Ya kwanza ni kuzima sehemu inayoiga spika na maikrofoni, kisha kukiunganisha kiigizi na amplifaya ya nguvu na kasha halisi la spika za gitaa. Hapo hewa husukumwa kama zamani, na spika hupata tena fursa ya kuzungumza. Wengi waliokata tamaa na viigizi hurejewa na imani wanapojaribu njia hii.

Ya pili ni kuacha sehemu hiyo ikiwa wazi na kutumia spika safi zinazotoa sauti zote kwa usawa, kama zile za studio au za ukumbini. Anayeifuata njia hii hana budi kukubali kuwa anasikia sauti ya santuri, ile ile ambayo hadhira itasikia. Wanaorekodi na wanaopiga katika kumbi kubwa hupendelea hivyo.

Hatari ni kuzichanganya njia hizo. Kuiga spika juu ya spika ya gitaa huifanya sauti iwe kama imefunikwa blanketi. Kutoiga spika kabisa, kisha kuunganisha moja kwa moja na mitambo ya ukumbi, huleta mlio wa nyuki waliofungiwa mkebeni, kwa kuwa spika ya gitaa ndiyo ambayo kwa kawaida huchuja makali ya sauti za juu.

Kiwango cha sauti pia kina usemi. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mnamo 1933 kuwa sikio la binadamu husikia besi na sauti za juu kwa shida sauti inapokuwa ndogo. Anayepanga vitufe chumbani kwa sauti ya chini huongeza besi na makali bila kujua. Akifika jukwaani na kupandisha sauti, vyote humrukia.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuchomekea waya. Gitaa la kawaida huhitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, wa takriban omu milioni moja. Likichomekwa katika tundu lililokusudiwa redio au kinanda, hupoteza mng'ao na uhai kabla ya hesabu yoyote kufanywa.

Jinsi ya kujaribu kabla ya kununua

Mnunuzi mwerevu huenda dukani na gitaa lake mwenyewe. Mikono huijua tabia ya gitaa hilo, hivyo mabadiliko yoyote huwa yametoka kwenye mashine.

Pili, huchagua amplifaya moja anayoifahamu vyema na kuzima mwangwi na mapambo mengine yote. Mapambo huficha kasoro. Mashine inayopendeza ikiwa na mwangwi pekee haitamfaa.

Tatu, huipanga sauti ikae ukingoni mwa mkwaruzo, kisha hupiga noti moja kwa kupapasa na kwa kugonga. Tofauti inapaswa kusikika kama ngazi yenye vidato vingi, wala si kama swichi inayowaka na kuzima.

Nne, huteremsha kitufe cha sauti kwenye gitaa hadi chini ya nusu. Sauti ikitakata huku ikibaki na uhai, mashine imefaulu. Ikififia na kuwa butu, imefeli, ila gitaa nalo likaguliwe kwanza, kwani baadhi ya magitaa hupoteza mng'ao hata kwenye amplifaya ya vali.

Tano, hupiga noti na kuiacha ife yenyewe. Mkia wake unapaswa kupungua taratibu hadi kimya, bila kukatika wala kutoa mtatariko.

Baada ya hapo ndipo aigeukie sehemu ya kulegea kwa umeme, aiongeze kidogo kidogo huku akicharaza, hadi nyuzi zianze kuhisi laini. Hapa macho hayasaidii. Wala mipangilio iliyotayarishwa na watu wengine haisaidii sana, kwa kuwa iliundwa kwa gitaa lingine, spika nyingine na mkono mwingine. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wahenga.

Si suala la roki pekee

Huenda msomaji wa Afrika Mashariki akadhani mjadala huu ni wa wapenzi wa roki na mikwaruzo yake. La hasha. Katika benga na rumba, ambamo gitaa husikika safi na vidole hukimbia, mguso una uzito ule ule. Vali hubana kidogo mshindo wa mwanzo wa kila noti, hivyo noti za haraka husikika zikiwa sawa bila moja kuimeza nyingine. Mpigaji wa solo atautambua upungufu huo upesi kuliko yule anayekwaruza.

Kuna pia suala la umeme. Amplifaya nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani hutumia volteji 120, ilhali umeme wa majumbani nchini Kenya ni volteji 240. Kuichomeka amplifaya ya aina hiyo ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme ni kuichoma. Viigizi vingi vya kisasa hukubali volteji zote mbili, japo ni busara kusoma maandishi yaliyo kwenye chaja au mgongoni mwa mashine.

Usalama pia huzingatiwa. Ndani ya amplifaya ya vali mna umeme wa volteji 300 hadi 500, na baadhi ya vipuri huweza kuuhifadhi hata baada ya waya kuchomolewa. Asiye fundi hafai kuifungua.

Kilichobaki kwa vali

Pamoja na hayo yote, vali hazijashindwa kabisa. Amplifaya iliyoundwa miaka 60 iliyopita huweza kufufuliwa na fundi mwenye kifaa cha kulehemu risasi na ujuzi wa kutosha, kwa kuwa vipuri vyake ni vya kawaida. Kiigizi ambacho chipu yake imeungua, au ambacho kampuni yake imeacha kukitolea programu mpya, huweza kugeuka takataka baada ya miaka michache.

Vilevile, asiyebadilisha sauti yake, asiyesafiri mbali na aliye na mahali pa kupigia kwa sauti kubwa hana sababu ya kuiacha amplifaya inayompendeza. Kiigizi humfaa zaidi anayebeba vyombo kila wiki, anayerekodi nyumbani au anayehitaji sauti nyingi katika tamasha moja.

Atakayeamua kununua na apange bajeti yake kwa vitu viwili: mashine na spika. Mashine ya wastani iliyounganishwa na spika nzuri, ikapangwa kwa sauti itakayotumika jukwaani, huwa karibu zaidi na vali kuliko mashine ghali inayosikilizwa kwa hedifoni duni.

Juu ya yote, sifa za mdomo na rekodi za kuvutia zisiwe mwamuzi wa mwisho. Rekodi huonyesha sauti tu, nao mguso hujulikana na anayepiga peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.